Hesabu ya Alfajiri, Nakaloke

Halmashauri wamenipa daftari lenye safu nne:
gari, pikipiki, baiskeli, miguu.
Kila aelekeaye mjini, kijistari kimoja;
wa tano namlaza juu ya wanne kama komeo.
Siku kumi na nne, saa kumi na moja hadi saa tatu,
ndipo ijulikane, wanasema,
kama Mbale inastahili treni ya asubuhi na jioni
au tuendelee kuwaamsha majogoo.

Nimekalia kreti ya soda, hatua sita kutoka kwenye reli.
Reli ipo. Watu wa mbali hawalijui hilo.
Imelala nyasini kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo,
na aliyemwambia akafa.
Mama Khainza huanika mihogo juu yake:
chuma hushika joto, asema, hata jua likishazama.
Kati ya mataruma amepanda kunde.
"Treni ikija, kunde zangu nitamdai nani?"
Sina safu ya kunde.

Saa kumi na moja na robo.
Boda moja, abiria watatu, sare za kiwandani.
Ni pikipiki moja, au watu wanne?
Nampigia Gidudu, msimamizi, bado ana usingizi.
"Andika chombo."
Naandika chombo.
Watu wanne wanapotea hivi hivi machoni pangu,
mmoja wao mjamzito.

Kisha Ojakol, magunia matatu ya mkaa juu ya baiskeli;
anaisukuma, hajaipanda tangu Kachumbala.
Baiskeli, au miguu?
"Andika punda," asema, bila kusimama.

Kwenye mkutano ukumbini mmoja alisimama akasema
mji wa kimo chetu haubebi treni,
ni koti la baba kwa mtoto wa miaka saba;
fedha hizo zingechimba mitaro yote ya Namatala.
Kweli. Mimi ni wa Namatala.
Mvua ikipiga Wanale, sisi huku tunapandisha viatu mezani.
Mtaro naujua. Treni nimeihadithiwa tu.
Mwingine akajibu: mtoto hukua,
na koti la kesho hushonwa leo, kitambaa kingali rahisi;
subirini muone bei ya ardhi nyumba zikishaifikia reli.
Nalo kweli.
Niliwapigia makofi wote wawili.
Jirani yangu akasogeza kiti chake.

Kaka yangu Wepukhulu ana boda, na mkopo wa boda.
Jana usiku, akipuliza chai:
"Dada, mkono wako uwe mzito kidogo.
Ukiwaona wengi, mimi umenimaliza."
Leo saa kumi na mbili kasorobo amepita, akapiga honi mara mbili.
Nikamwandika.
Kijistari chake kimenyooka kama vya wenzake,
nimekitazama kwa muda mrefu mno,
malori mawili yakapita bila kuhesabiwa.

Siku ya tisa, mvua.
Hadi saa mbili ukurasa ni mweupe,
na mweupe huo utasomwa hivi: hakuna mwenye haja.
Nao hao hapo, barazani kwa Amongin,
arobaini na kitu, wamebanana na debe za nyanya,
wakichungulia barabara, wakichungulia simu,
muda wa zamu ukiwatoka kama maji ya paa.
Hawajapita. Asiyepita haandikwi.

Basi pembeni, kwa kalamu,
nimechora safu ya tano, haina jina.
Nimewatia humo. Nimemtia na yule mjamzito na wenzake,
na miguu ya Ojakol.

Gidudu alikuja Ijumaa, koti lake limelowa bega moja.
"Hii ya pembeni nini?"
Nikamwambia sijui kinaitwaje.
"Futa."
Ni wino, nikasema.
Akaisoma kwa kidole, juu hadi chini, midomo ikicheza.
Akafunga daftari.
Akamuuliza Mama Khainza bei,
akaondoka na fungu la majani ya kunde,
shilingi mia tano,
taruma la nne kutoka kwenye alama.